Mbunge Aliyechaguliwa Akiwa Gerezani

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na uandishi wa habari

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo?

Naomba tuanzie mlangoni. Mlango wenyewe ni wa gereza dogo la mji wa Vergennes, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mwaka ni 1798, mwezi wa Oktoba. Kwenye mlango huo limekatwa tundu lenye umbo la nusu mwezi, la kupitishia sahani ya chakula. Ukitaka kuzungumza na aliyemo ndani unainama, unaweka uso wako pale kwenye tundu, naye anasogea upande wa pili. Chumba ni futi 16 kwa 12. Dirisha lina nondo lakini halina kioo, moto hakuna, na kule mwezi wa kumi baridi imeshaanza kuuma. Choo kimo humohumo, pembeni. Mfungwa amevaa koti lake zito na anatembea huku na huku ili damu isigande. Katika barua aliyomwandikia seneta mmoja rafiki yake, harufu ya choo kile aliifananisha na ya gati la Philadelphia mwezi wa Agosti. Akaeleza pia kwamba chumba hicho ndicho wanachowekwa wezi, waghushi wa fedha na watumwa waliotoroka.

Mfungwa huyo ni mbunge. Hajavuliwa ubunge wala hajajiuzulu. Anaitwa Matthew Lyon, na kosa lililomfikisha hapo ni kuandika na kuchapisha.

Nilipoombwa nizungumze nanyi kuhusu mbunge mmoja wa enzi za mwanzo za taifa la Marekani, nilijua mnategemea nitawaletea jina kubwa, mmoja wa wale waliochorwa kwenye noti. Nimemleta huyu kwa sababu nyinyi mnasomea sheria na uandishi, na yeye sheria ilimkuta akiwa mwandishi. Nimempenda miaka mingi, ingawa si kwamba kila alichofanya ninakipenda. Mtaona.

Lyon alizaliwa Ireland, katika eneo la Wicklow karibu na Dublin, tarehe 14 Julai 1749. Akiwa na umri wa miaka kama 15 alipanda meli kwenda Amerika bila nauli. Vijana maskini wa Ulaya wakati huo walisafiri kwa namna moja: unapewa nafasi melini, na mkifika nahodha anamuuzia tajiri fulani mkataba wako, nawe unamtumikia tajiri huyo miaka kadhaa mpaka deni liishe. Lyon alichukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Connecticut. Baadaye mkataba wake ukauzwa kwa mtu mwingine, na bei yake haikuwa fedha. Ilikuwa fahali wawili.

Fahali hao hakuwasahau. Mpaka uzeeni, alipotaka kula kiapo mbele za watu alisema, “Naapa kwa fahali walionikomboa.” Watu waliozaliwa kwenye nyumba za mawe walimcheka kwa kiapo hicho. Yeye aliendelea kukitamka, na kwa sauti kubwa. Mimi kila nikikisoma nasimama kidogo, maana wako wengi ambao wakishapata cheo huficha walikotoka, wakabadilisha hata namna ya kutamka jina la kijiji chao.

Niseme jambo hapa, kwa sababu tunaoongea ni watu wa pwani hii na historia yake. Mkataba wa Lyon ulikuwa na mwisho. Mwafrika aliyeuzwa Charleston au Newport mwaka huohuo hakuwa na mkataba wowote unaokwisha, na watoto wake walirithi minyororo. Uhuru nitakaouzungumzia jioni hii, uliopiganiwa kwa makaratasi na kwa bakora mle bungeni, yule Mwafrika hakuhesabiwa ndani yake. Naomba mlishike hilo tunapoendelea.

Lyon alipokwisha kujikomboa alioa, kisha mwaka 1774 akahamia kwenye misitu ya kaskazini ambayo baadaye ikawa Vermont. Huko walikuwapo wakulima wabishi waliojiita Vijana wa Milima ya Kijani, wakiongozwa na Ethan Allen. Mke wake wa kwanza alikuwa wa ukoo wa Allen, kwa hiyo akaingia kundini kama shemeji. Vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilipoanza alipigana. Na huko ndiko alikopata doa lililomfuata maisha yake yote.

Mwaka 1776 alikuwa luteni kwenye kituo cha mbele kabisa, mahali panapoitwa Jericho. Askari waliona wametupwa huko walinde mashamba ya matajiri waliokwisha kukimbia. Wakakiacha kituo. Lyon alisema alijaribu kuwazuia wakamshinda nguvu, akaenda yeye mwenyewe kutoa taarifa. Jeshi halikumsikiliza, maofisa wote wa kile kikosi walifukuzwa. Baadaye alirudishwa kazini akawa mlipaji mishahara wa kikosi kingine, na wakubwa waliomjua walimtetea. Lakini maneno ya watu yana miguu. Yakazuka masimulizi kwamba alipofukuzwa alilazimishwa kuvaa upanga wa mbao kama alama ya uoga. Upanga huo wa mbao mtausikia tena.

Vita vilipokwisha, mwaka 1783, alianzisha mji wa Fair Haven. Hakuwa mtu wa kukaa tu. Alijenga kiwanda cha kufulia chuma, kinu cha kupasulia mbao na kinu cha karatasi. Malighafi ya kawaida ya karatasi wakati huo ilikuwa matambara ya nguo, na Vermont matambara hayakutosha, hivyo akajaribu kutumia magome ya mti. Akanunua mtambo wa kuchapisha, akaanzisha gazeti. Wanahabari mliopo hapa mtaelewa hali ya mtu mwenye gazeti, karatasi na mtambo wake mwenyewe: kumnyamazisha inabidi umfunge yeye mwenyewe. Mke wa kwanza alipofariki alimuoa binti wa gavana Thomas Chittenden. Aligombea ubunge wa Marekani akashindwa, akagombea tena akashindwa, na tena. Alipata kiti mara ya nne, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1797. Bunge lilikutania Philadelphia, kwa maana Washington ilikuwa bado inajengwa.

Wakati huo chama kilichotawala kilikuwa cha Federalist, na rais alikuwa John Adams. Upande wa pili walikuwa wafuasi wa Thomas Jefferson, ambaye alikuwa makamu wa rais. Hali hiyo ya rais na makamu wake kutoka kambi mbili zinazochukiana ilitokana na katiba yao ya mwanzo, waliirekebisha baadaye. Ulaya ilikuwa vitani na Ufaransa ilikuwa inakamata meli za Marekani baharini, na Philadelphia nzima ilikuwa na homa ya vita. Aliyetilia shaka vita aliitwa kibaraka wa Wafaransa. Lyon alitilia shaka.

Miezi michache tu baada ya kuingia bungeni alisimama kuomba ruhusa isiyo ya kawaida. Ulikuwapo utaratibu wa wabunge kujipanga mstari na kwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa rais kumpelekea majibu ya hotuba yake. Lyon aliomba asilazimishwe kwenda. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa la ikulu za wafalme, na yeye alishaikimbia nchi ya mfalme. Ukumbi ukacheka. Magazeti ya chama tawala yakapata mchezo wa kuchezea: jina lake linatamkwa kama simba kwa Kiingereza, wakamchora kama mnyama wa kuoneshwa kwenye tamasha, mnyama wa Ireland aliyekamatwa porini Vermont.

Tarehe 30 Januari 1798 ukumbi ulikuwa umelegea, kura zinahesabiwa, wabunge wamesimama vikundi vikundi wakipiga soga. Lyon alikuwa karibu na spika, akizungumza kwa sauti ya makusudi ili wengine wasikie. Alikuwa anasema wabunge wa Connecticut hawawakilishi watu wao. Kwamba yeye anawajua wakulima wa Connecticut kwa maana ameishi nao, na akipata mtambo wake wa kuchapisha kule kwa miezi sita atawaondoa wote kwenye viti. Mbunge wa Connecticut, Roger Griswold, mwanasheria na mtoto wa gavana, akamuuliza kama atakwenda kuwapigania na ule upanga wake wa mbao. Lyon hakujibu, labda hakusikia. Griswold akamsogelea, akamshika mkono, akarudia.

Lyon akamtemea mate usoni.

Griswold alitoa kitambaa, akajifuta, akaondoka. Bunge likaacha shughuli nyingine zote likawa linajadili mate. Kamati iliundwa, mashahidi wakahojiwa mmoja mmoja nani alisimama wapi, na zikapita wiki mbili za namna hiyo. Hoja ya kumfukuza Lyon ilipigiwa kura: 52 walitaka afukuzwe, 44 walikataa. Katiba inataka theluthi mbili, kwa hiyo akabaki.

Griswold alisubiri. Asubuhi ya tarehe 15 Februari, kabla kikao hakijaanza, Lyon akiwa amekaa kwenye meza yake na karatasi zake, Griswold alimjia na bakora nene akaanza kumpiga kichwani na mabegani. Lyon alinasa kati ya meza na kiti. Alipojichomoa alikimbilia kwenye meko ya ukumbi, akachukua koleo za moto, akarudi nazo. Wakakamatana, wakaanguka sakafuni mbele ya kiti cha spika, mpaka wenzao wakamvuta Griswold kwa miguu kuwaachanisha. Upo mchoro wa tukio hilo, uliotolewa mwaka uleule: mmoja ameinua bakora, mwingine ameinua koleo, na wabunge wengine wamekaa wanaangalia kama watu walio kwenye ngoma. Hoja ya kuwafukuza wote wawili iliposhindwa, mambo yakaishia hapo.

Sitamtetea kwa yale mate. Kumtemea mtu mate usoni ni kumvunjia utu, na Lyon hata akiwa ametukanwa alikuwa na ulimi wa kumjibu, tena mkali. Lakini naomba mtofautishe mambo mawili. Kwa mate yale Bunge lilimshindwa, na kwa bakora ile Griswold hakuchukuliwa hatua yoyote. Kilichomfunga Lyon baadaye hakikuwa mikono yake wala mate yake. Kilikuwa sentensi.

Julai mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Uchochezi. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 44 dhidi ya 41, kura tatu tu. Rais Adams aliitia saini tarehe 14 Julai 1798. Mkirudi nyuma kidogo mtakumbuka nimewatajia tarehe hiyo: Lyon siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 49.

Wanasheria, isomeni sheria ile kwa makini siku mkiipata. Ilifanya kuwa kosa kuandika au kuchapisha jambo la uongo, la kashfa na lenye nia mbaya dhidi ya serikali, dhidi ya Bunge au dhidi ya rais. Adhabu ni faini isiyozidi dola 2,000 na kifungo kisichozidi miaka miwili. Sasa angalieni nani hayumo kwenye orodha ya waliolindwa. Makamu wa rais hayumo. Makamu wa rais alikuwa Jefferson, kiongozi wa upinzani. Huyo mtukane utakavyo. Halafu angalieni mwisho wa sheria: iliandikwa kwamba itakufa yenyewe tarehe 3 Machi 1801, siku moja kabla ya rais ajaye kuapishwa. Waliohofia kwamba upinzani ungeshinda uchaguzi walihakikisha kwamba hautaikuta sheria hiyo ili kuwageuzia wao. Mtunga sheria aliyeamini sheria yake ni nzuri kwa nchi angeiwekea tarehe ya kufa namna hiyo?

Ili niwe mwadilifu, sheria ile ilikuwa na afueni kuliko sheria ya Waingereza ilikotoka. Chini ya sheria ya kale ya Kiingereza hata ukisema kweli ulikuwa na hatia. Wamarekani waliruhusu mshtakiwa ajitetee kwa kuthibitisha ukweli wa alichosema. Kwenye karatasi inapendeza. Tusubiri kesi.

Mashtaka ya Lyon yalitokana hasa na barua. Ya kwanza aliiandika mwezi wa Juni kwenda gazeti moja la Vermont, ikachapishwa baada ya sheria kuanza. Kwa maneno mengine, kalamu ilitangulia sheria na mtambo ukachelewa. Humo alisema kuwa chini ya rais huyu anaona ustawi wa umma umemezwa na uchu wa madaraka, na kiu isiyo na mpaka ya fahari za kipuuzi, kusifiwa kijinga na tamaa ya nafsi. Nyingine ilikuwa barua ya Joel Barlow, Mmarekani aliyekuwa Ulaya, ambayo Lyon aliisoma kwenye mikutano ya kampeni na ikachapishwa. Ndani yake mwandishi alishangaa kwa nini Bunge lililoisikia hotuba ya rais halikumpeleka kwenye nyumba ya wendawazimu.

Kesi ilisikilizwa Rutland mwezi wa Oktoba. Aliyekaa kitini alikuwa William Paterson, jaji wa Mahakama ya Juu, mmoja wa watu waliotia saini katiba yenyewe. Majaji wa Mahakama ya Juu wakati ule walizunguka mikoani kusikiliza kesi. Lyon alikosa wakili wa kumtetea akasimama mwenyewe. Alilalamika kuwa juri, yaani wale raia walioitwa kuamua, walitolewa kwenye vijiji vya wapinzani wake. Alisema sheria inakiuka katiba. Jaji akaliambia juri kwamba hilo si lao kuliamua. Ikabaki kinga ile iliyopendeza kwenye karatasi, ya kuthibitisha ukweli.

Utathibitishaje kuwa rais ana kiu ya fahari za kipuuzi? Ukweli huo una hati gani, una shahidi gani? Lyon alifanya alichoweza. Alimgeukia jaji akamuuliza: je, mheshimiwa hujawahi kula nyumbani kwa rais, ukaiona fahari hiyo kwa macho yako? Paterson akajibu kwamba amekula huko, ingawa si mara nyingi, na alichokiona ni unyofu na heshima. Lyon akauliza kama hapo kuna watumishi na mapambo mengi kuliko hapa Rutland. Jaji hakujibu. Utetezi ukaishia hapo. Juri lilitoka kwa muda wa saa moja hivi, likarudi na neno la hatia. Miezi minne jela, faini dola 1,000, na gharama za kesi dola 60 na senti 96.

Ninyi mnaokwenda kuwa mawakili na majaji, nataka mbaki nayo hiyo picha ya mtu mzima anayeulizwa athibitishe maoni yake. Maoni hayana risiti. Sheria inayoadhibu maoni huku ikidai inaadhibu uongo haimwachii mshtakiwa pa kushika.

Gereza lilikuwapo Rutland, karibu na kwake. Mkuu wa polisi wa shirikisho, aliyekuwa hasimu wake wa siku nyingi, akaamua kumpeleka Vergennes, zaidi ya maili 40, tena akapitishwa mitaani akilindwa na wenye bastola. Akafika kwenye ule mlango wenye nusu mwezi.

Habari zilipoenea, wakulima walikasirika kiasi cha kutaka kwenda kulibomoa gereza. Huyu mtu wa mate na koleo za moto, mnadhani aliwaambia nini? Aliwaambia wasifanye hivyo. Mnaweza kulipa kisasi hiki, aliwaambia, mkienda kupiga kura. Uchaguzi wa Septemba haukuwa umempata mshindi, kwa sababu hakuna aliyevuka nusu, na duru ya pili ilikuwa Desemba. Yeye yumo ndani, baridi imekaza, marafiki wamemletea jiko, na anaandika kwa bidii, barua baada ya barua, zinatoka na kuchapishwa. Kisheria hapakuwa na kitu kilichomzuia mfungwa kugombea. Desemba 1798 wapiga kura wa magharibi ya Vermont walimchagua Matthew Lyon, na kura zake zilikaribia kuwa mara mbili ya za aliyemfuata.

Kulikuwa pia na ombi la msamaha lenye saini za maelfu ya raia wa Vermont, ambalo mchungaji mmoja alilibeba mpaka kwa Rais Adams. Rais alilikataa. Toba, alisema, hutangulia msamaha. Na Lyon hakuwa wa kutubu kwa alichoandika.

Marafiki wakaandaa bahati nasibu ili kupata fedha za faini. Mchapishaji wa Bennington, Anthony Haswell, akaitangaza bahati nasibu hiyo kwenye gazeti lake. Naye akashtakiwa kwa sheria ileile, kwa sehemu kwa sababu ya tangazo hilo, akafungwa miezi miwili. Sheria ilianza na aliyesema, ikamfikia aliyemwonea huruma aliyesema.

Tarehe 9 Februari 1799 kifungo kiliisha na faini ilikwishachangwa, baadhi ya fedha zikitoka mbali, Virginia. Lakini palikuwa na tetesi kwamba hati nyingine ya mashtaka imeandaliwa, akitoka tu akamatwe tena mlangoni. Lyon akatoka, na neno lake la kwanza likawa kutangaza kwamba yuko njiani kwenda Philadelphia. Wanasheria mmeshaelewa. Katiba inamlinda mbunge asikamatwe akiwa njiani kwenda bungeni. Kwa sentensi moja, pale kizingitini, aligeuka kutoka mfungwa kuwa msafiri mwenye kinga. Watu walijipanga barabarani, msafara wake ulipopita watoto wa shule waliimbishwa salamu za kumpongeza. Alipofika Philadelphia wapinzani walileta hoja ya kumfukuza kama mhalifu. Ilipata kura 49 dhidi ya 45. Theluthi mbili ilikosekana tena.

Naomba dakika moja nirudi nyumbani, kwa sababu sheria hii ina ndugu zake huku kwetu. Sheria za uchochezi na kashfa ya jinai ziliingia Afrika Mashariki na Waingereza, kutoka kwenye shina lilelile. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alisimamishwa mahakamani Dar es Salaam kwa yaliyochapishwa kwenye jarida la TANU kuhusu wakuu wa wilaya wa kikoloni. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa, na mwaka huohuo akachaguliwa kuingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Kenya iliubeba uchochezi kwenye kanuni zake za adhabu miaka yote ya ukoloni na miaka zaidi ya thelathini ya uhuru, mpaka ulipofutwa mwaka 1997. Wazee waliokaa mbele hapa hawahitaji mimi niwaeleze miaka hiyo ilivyokuwa.

Tumalizie safari ya Lyon. Uchaguzi wa rais wa 1800 ulimwangusha Adams, lakini Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walipata kura sawa, 73 kila mmoja, na uamuzi ukaangukia Baraza la Wawakilishi ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja. Majimbo yalikuwa 16, yalihitajika tisa, Jefferson alikuwa na manane. Vermont ilikuwa na wabunge wawili: Lyon aliyemtaka Jefferson na Lewis Morris wa chama cha Federalist. Mmoja kwa mmoja, kwa hiyo jimbo halina kura. Walipiga kura mara 35 bila mshindi. Mara ya 36, tarehe 17 Februari 1801, Morris alikaa kando, na Lyon peke yake akaipiga kura ya Vermont. Wapo wanaosimulia kana kwamba Lyon ndiye aliyempa Jefferson urais. Si sawa, yalikuwapo mazungumzo ya wengine, na Maryland iligeuka saa ileile. Ila ni kweli kwamba mfungwa wa Vergennes ndiye aliyeitamka kura ya jimbo lake siku alipopatikana rais wa kuirithi serikali iliyomfunga. Jefferson aliwasamehe waliohukumiwa kwa sheria ile.

Usiku wa kuapishwa, Lyon alimwandikia Adams barua ndefu ya kumsimanga. Siipendi barua hiyo. Mtu aliyeshindwa na anayefunga mizigo kurudi shambani angeachwa aende. Lakini ndiye huyo huyo Lyon. Hakuwa na kipimo cha katikati.

Baadaye alihamia Kentucky, akaanzisha makazi ya Eddyville kando ya mto Cumberland, akajenga mashua, na watu wa huko nao wakamtuma bungeni kuanzia 1803 mpaka 1811. Akagombana na chama chake mwenyewe kama alivyogombana na kile cha Adams, akapinga kuingia vitani na Uingereza, akaangushwa. Vita vilipokuja alijenga mashua za kivita akafilisika. Mwaka 1820, Lyon akiwa na umri wa miaka 70, Rais Monroe alimpa kazi ya kusimamia kituo cha biashara na watu wa Cherokee huko Arkansas. Alipofika tu akagombea uwakilishi wa Arkansas bungeni. Akakosa kwa kura chache. Alifariki huko Spadra Bluff tarehe 1 Agosti 1822, na miaka kadhaa baadaye mwili wake ukarudishwa Eddyville.

Kabla hajafa aliomba Bunge limrudishie faini yake. Halikumrudishia. Wanawe waliendelea kuomba, mmoja wao, Chittenden Lyon, akiwa mbunge mwenyewe. Tarehe 4 Julai 1840, sikukuu ya uhuru, ikiwa ni miaka 18 tangu kuzikwa kwake na 42 tangu hukumu ya Rutland, sheria ilitiwa saini ya kuwalipa warithi wake. Waliohesabu deni walirudi kwenye hukumu ya Jaji Paterson na hawakupunguza kitu: dola 1,060 na senti 96, pamoja na riba yake tangu Februari 1799, mwezi aliotoka pale mlangoni.